Meza ya chai ya alasiri, kiangazi cha Skandinavia: vikombe vya zamani, glasi na kivuli cha bustani

BintiPangani (mleta uzi)

Salaam wana jamvi. Uzi huu niliwaahidi tangu mwaka jana wale mlioniuliza faragha kuhusu picha ya meza yangu ya chai. Sasa siwezi kuahirisha tena, maana mama yangu anakuja kutoka Pangani wiki ya tatu ya Juni. Atakaa nasi hapa Göteborg mwezi mzima, na nataka chai yake ya kwanza ya alasiri ainywee bustanini. Nimeteremsha vyombo vyote kabatini, nimevitandaza sakafuni juu ya mkeka, na naandika huku navitazama.

Nianze na mahali, kwa sababu meza hupangwa kufuata mahali. Tunakodi kipande cha bustani pembeni mwa mji, wenyeji wanakiita kolonilott. Kina kibanda cha mbao cha chumba kimoja, mtufaha mmoja mzee, matuta ya viazi, na kichaka cha mti uitwao syren kilichopandwa kwa duara hadi katikati pakabaki nafasi ya meza na viti vinne. Chumba hicho cha majani kina jina lake kwa Kiswidi: berså. Maua ya zambarau ya syren huwa yameshapukutika ifikapo mwishoni mwa Juni, ila kivuli ndiyo kwanza kimekolea, na mwanga unaopenya kati ya majani unatua juu ya kitambaa cheupe kama madoa ya chui.

Sasa, wengi mmeviona vikombe vile vyeupe vyenye majani ya kijani yaliyosimama wima kwa safu kuzunguka kikombe kizima. Mtindo wake unaitwa hivyohivyo, Berså. Aliuchora Stig Lindberg kwa kiwanda cha Gustavsberg, karibu na Stockholm. Ulianza kuuzwa mwaka 1961, ukasitishwa 1974, na kwa sababu watu hawakuacha kuvitafuta vya zamani, kiwanda kikaurudisha 2005. Miaka yangu mitatu ya mwanzo hapa nilidhani ni mapambo tu. Siku jirani yangu wa bustani, bibi wa miaka themanini na kitu, aliponikaribisha chini ya kichaka chake akanimiminia kwenye kikombe hicho, ndipo nilipoelewa: kikombe kimechorwa mahali kinaponywewa. Aliyekuwa anaishi ghorofani Stockholm na hana bustani alikuwa anashika kipande cha kivuli mkononi.

Kuanzia siku ile nikaanza kukusanya. Ninavyo vikombe sita vya Berså pamoja na visahani vyake, sahani nne ndogo za Mon Amie zenye maua ya buluu, alizochora Marianne Westman kwa kiwanda cha Rörstrand mwaka 1952, na vikombe viwili vya Ostindia ambavyo nitavirudia. Juu ya hivyo kuna glasi, buli jeupe lisilo na ua hata moja, na sinia la mbao.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kutaka kuvionyesha vyote kwa pamoja. Majani ya kijani hapa, maua ya buluu pale, kitambaa cha meza nacho kina maua mekundu, na katikati shada kubwa la waridi. Kila chombo kilikuwa kizuri peke yake, lakini macho ya mgeni hayakuwa na pa kutulia. Jirani yangu hakusema neno. Aliondoa kitambaa, akaondoa sahani za Mon Amie, akaleta sahani nyeupe kutoka kwake. Shada la waridi akalipeleka dirishani kwenye kibanda. Vikombe vikabaki peke yao juu ya mbao tupu, na nilihisi kama redio tatu zimezimwa ikabaki moja inayoimba.

Huo ndio msimamo wangu na nitautetea hadi ukurasa wa mwisho wa uzi huu: mezani achore mmoja, wengine wanyamaze. Ukitaka majani yaseme, buli liwe jeupe, sahani ziwe nyeupe, kitambaa kiwe cha kitani kisichopakwa rangi, hata kama kina mikunjo. Maua yawe yale ya kando ya njia, machache, kwenye glasi fupi zisizozidi kimo cha kikombe ili watu waonane nyuso.

Kwa mama nafikiria hivi: vikombe vya Berså, sahani nyeupe, buli jeupe, kitani. Nataka kusikia maoni yenu kabla hajafika.

---

KakaWaKallio

Naweka kambi hapa. Niko Helsinki mwaka wa kumi na moja sasa. Dada, uzi wako ni mzuri, ila kuna jambo moja tuliweke sawa mapema: watu wa huku watakukumbusha kwamba Finland ni nchi ya Nordiki na wala si Skandinavia. Kwenye vyombo vya meza hata hivyo huwezi kuwatenga. Kiwanda cha Arabia cha hapa Helsinki kilianzishwa 1873 na haohao Rörstrand wa Uswidi.

Nakubaliana nawe juu ya kunyamazisha meza, lakini mimi ningenyamazisha hata hao wachoraji. Mwalimu wangu, kwa kazi zake tu, ni Kaj Franck, mbunifu wa vyombo wa Kifini. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba za hapa zilikuwa finyu, vitu havipatikani, na bado maduka yaliuza seti nzito za watu kumi na wawili zenye bakuli la supu la kufunika ambalo huenda linatumika mara moja kwa mwaka. Franck akaja na seti iitwayo Kilta mwaka 1953: maduara, miraba na mistatili tu, rangi moja kwa kila chombo, kinauzwa kimojakimoja. Kikivunjika kikombe, unanunua kikombe. Mwaka huu unanunua cheupe, mwakani cha buluu, na vyote vinakaa pamoja kama ndugu. Kidumu chake cha maziwa kilifanywa chembamba ili kiingie kati ya vioo viwili vya dirisha, maana nyumba nyingi hazikuwa na jokofu na baridi ya dirishani ndiyo iliyokuwa inahifadhi maziwa. Nikiwaza hilo huwa namheshimu sana huyu mtu. Hakuanza na uzuri, alianza na mama anayetafuta pa kuweka maziwa.

Kilta ilisitishwa katikati ya miaka ya 1970, ikarudi 1981 kwa jina Teema, na mpaka leo imo madukani. Meza yangu ya kiangazi ni Teema nyeupe na njano. Glasi ni zile za Aino Aalto za mwaka 1932, zenye mizunguko kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Zilipata medali ya dhahabu Milan mwaka 1936, na bado ni glasi za maji za watu wa kawaida. Ukizimiminia sharubati ya maua ya kichaka ambacho jina lake kwa Kiswahili silijui, Waswidi wanakiita fläder, jua la alasiri linachora pete juu ya kitambaa. Pambo lingine silihitaji.

Na onyo moja kwa wote wenye watoto: yale maua madogo meupe ya kengele, Waswidi wanaita liljekonvalj, Wafini kielo. Ni ua la taifa hapa na yananukia vizuri mno, lakini yana sumu, na hata maji ya glasi yalimowekwa yana sumu. Yasikae kwenye meza ya chai.

---

BintiPangani (mleta uzi)

Ahsante sana kwa onyo, kaka. Mwanangu ana miaka minne na kila glasi anayoiona anadhani ni yake. Mwaka huu nitaweka yale meupe yenye kitovu cha njano, prästkrage, yanaota yenyewe kando ya reli ya tramu.

Kuhusu Kilta sina ubishi. Ila mama yangu ni mtu wa maua, kanga zake zote zina maua. Nikimwekea meza ya rangi moja atauliza kama tumefiwa.

---

ShangaziMkomani

Mwanangu BintiPangani, hongera, na mamako afike salama. Miye niko Lamu, uzi huu kanitumia binti yangu aliyeko Malmö.

Umesema una vikombe viwili vya Ostindia ukanyamaza. Nataka kuvijua hivyo. Nimeviona kwenye simu ya binti yangu, vina rangi ya buluu juu ya nyeupe, nikashtuka. Hivyo ni ndugu wa vilivyokuwamo kwenye zidaka za nyumba ya bibi yangu.

---

BintiPangani (mleta uzi)

Shangazi shikamoo. Umenigusa pale pale nilipotaka kufika.

Mwaka 1745 meli iitwayo Götheborg ilikuwa inarudi kutoka Canton, China, baada ya safari ndefu, imejaa chai, vyombo vya kaure, hariri na viungo. Ilikuwa mali ya Kampuni ya Uswidi ya India Mashariki, iliyoanzishwa hapahapa mjini kwetu mwaka 1731. Watu walikuwa wameshatoka kuitazama ikiingia. Ikagonga mwamba mlangoni mwa bandari, ikazama mbele ya macho yao. Sehemu ya mzigo iliokolewa mapema, na vigae vya kaure vimeendelea kutolewa chini ya maji hadi zama zetu. Mwaka 1932 Rörstrand walitoa mtindo wa Ostindia ambao chanzo chake ni vigae vya namna hiyo. Kwa hiyo kikombe changu kinachoitwa cha Kiswidi ni kumbukumbu ya kigae cha China kilichozama kilomita chache kutoka ninapokaa.

Waswidi hao wa karne ya 18 wala hawakuwa wanywaji wakubwa wa chai. Sehemu kubwa ya chai iliyoshushwa hapa iliuzwa tena nje, nyingi ikapenyezwa Uingereza kwa magendo kwa sababu ya ushuru mkubwa wa kule. Wao walibaki na kahawa, na mpaka leo kahawa ndiyo mfalme. Hilo lina matokeo mezani, nitalieleza nikipata muda jioni.

---

ShangaziMkomani

Alhamdulillahi, marahaba mwanangu.

Basi nikwambie ya huku. Nyumba zetu za mawe zina zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa ndani. Humo ndimo mlimokaa bakuli na sahani za kaure. Na kabla ya hapo wazee walizijengea ukutani kabisa: nenda Kunduchi, Dar es Salaam, utaona nguzo ya kaburi ambayo iliwekewa bakuli za China. Gedi nako vimefukuliwa vigae vya buluu na vyeupe vingi. Bahari ilimletea kila mtu. Sisi tukaviweka ukutani, Wazungu wa kaskazini wakajifunza kuvichora wenyewe.

Mimi ningempa mamako kikombe cha Ostindia, wala si cha majani. Majani ni ya jirani yako. Hicho cha buluu atakitambua.

Na jambo la pili. Hujasema habari ya nzi. Maandazi wazi bustanini?

---

MkaziWaOdense

Shangazi kasema kweli, na hapa Denmark ni hadithi hiyohiyo. Kiwanda cha Royal Copenhagen kilianza 1775, na mtindo wake namba moja ni maua ya buluu juu ya nyeupe uliotokana na vyombo vya China. Unapakwa kwa brashi na mkono mpaka leo. Chini ya kila chombo kuna mawimbi matatu ya buluu, ndiyo milango mitatu ya bahari ya Denmark: Øresund, Storebælt na Lillebælt. Mke wangu alirithi sahani tano kwa bibi yake, na kila moja ukiitazama kwa karibu utaona mkono wa mtu: hapa brashi imebeba rangi nyingi, pale mstari umekonda. Mwaka 2000 msichana aliyekuwa bado karibu na masomo yake, Karen Kjældgaard-Larsen, aliyachukua maua yaleyale akayakuza hadi ua moja likajaza nusu ya sahani. Wazee walinuna, vijana wakanunua. Sisi tunazichanganya: sahani kubwa ni za ua lililokuzwa, ndogo ni za bibi. Buluu moja inaziunganisha, kwa hiyo sauti bado ni moja.

Sasa nitetee kitu ambacho wapambaji wa meza hukidharau: chupa ya chai. Kwetu Tanga hakuna alasiri bila chupa ya chai, na nilipofika huku nilidhani nitaiacha. Kumbe mwaka 1977 Mdenmark Erik Magnussen aliwachorea kampuni ya Stelton chupa ya chai ambayo imeingia kwenye historia ya ubunifu wa nchi hii. Ni silinda tupu yenye mdomo, na kizibo chake kinajifungua chenyewe ukiinamisha na kujifunga ukiinua, humimini na kufungua kwa mikono miwili. Chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi bustanini inapoa haraka kwenye buli la kaure, upepo wa hapa si wa Tanga. Yangu nyekundu inakaa mezani kwa heshima zake zote.

---

MpyaMalmö

Samahani wakuu kwa kuuliza la chini. Nimehamia Januari, sina hata kikombe kimoja cha maana. Vitu hivi vipya dukani vina bei kubwa. Nianzie wapi na vya mitumba nitavijuaje kama ni vizima?

---

BintiPangani (mleta uzi)

Karibu sana, na swali lako ndilo la watu wengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Usianze na vikombe. Anza na sahani nyeupe nne za mitumba, za kiwanda chochote, mradi weupe wake ufanane. Weupe una familia zake. Kuna mweupe wa maziwa na kuna mweupe wa barafu, na ukivichanganya kimoja kitaonekana kichafu. Vishike vyote kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kulipa.

Maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani yapo kila mji, na kiangazi kuna loppis, watu wanatandaza vitu vya nyumbani uani kwao vijijini. Huko ndiko nilikovipata vyangu vingi. Ukichukua kikombe, kibebe kwa kitako kwenye kiganja, ukigonge ukingo taratibu kwa ukucha. Kikombe kizima cha kaure kinalia kama kengele na sauti inakaa. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, tok, hata kama ufa huuoni. Kisha pitisha kidole ukingoni mzima huku umefumba macho, kidole kinaona pale jicho linapokosa. Geuza utazame chini: Gustavsberg wana nanga, Rörstrand wana taji tatu. Angalia mkono wa kikombe pale unapoungana na mwili, hapo ndipo gundi hufichwa. Niliwahi kununua kikombe kwa muuzaji mmoja aliyeniapia ni kizima, mkono ukaachia mgeni akiwa amekinyanyua, chai ya moto ikammwagikia pajani. Tangu hapo nakagua hata nikipewa bure.

Vile vijistari vyembamba kama utando wa buibui vilivyoingia rangi ya kahawia, kwenye vyombo vya udongo usio kaure, ni dalili kwamba chai imeshapenya ndani. Weka maua humo, usinywee. Vyombo vya zamani sana vyenye rangi kali juu ya ngozi ya chombo navyo usiwekee vitu vyenye uchachu kama sharubati ya ndimu, maana rangi za zamani nyingine zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Na tafadhali, vya zamani havioshwi kwa mashine. Majani ya Berså ya miaka ya 1960 yanafifia, dhahabu ya ukingoni inaondoka kabisa. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, taulo chini ya beseni. Doa la chai linatoka kwa magadi soda ya kupikia na kidole kilicholowa, usitumie waya.

Nilisema nitaeleza habari ya kahawa. Seti nyingi za zamani za hapa ni za kahawa, kwa hiyo vikombe ni vidogo, pengine desilita moja na nusu. Vikombe vya chai ni vipana, vifupi, na vigumu kuvipata. Watu wa nyumbani wakija husema mbona umetupimia. Mimi nimeamua kuvitumia vidogo hivyohivyo. Chai inabaki moto hadi tone la mwisho, na mwenyeji anapata sababu ya kuinuka kumimina tena na tena, ndiyo ukarimu wenyewe.

Shangazi, la nzi umenikamata. Huku Juni nzi si wengi, shida ni nyigu kuanzia mwisho wa Julai, wanaingia hadi ndani ya glasi. Nifunike na nini?

---

ShangaziMkomani

Kawa, mwanangu! Mamako aje na kawa mbili za ukindu, zinaingia moja ndani ya nyingine, hazina uzito. Ukifunika sinia la maandazi kwa kawa yenye rangi, hilo litakuwa pambo lako la meza, hutahitaji maua.

---

KakaWaKallio

Hapo shangazi amenishinda. Kitu kilichosukwa, chenye umbo la pia, kinachofanya kazi moja kwa ukamilifu. Franck angekipenda.

BintiPangani, ila ukiweka kawa ya rangi pamoja na majani ya Berså, msimamo wako wa mchoraji mmoja utakuwaje?

---

BintiPangani (mleta uzi)

Nimelifikiria siku mbili. Nikiweka kawa, vikombe vya majani vinarudi kabatini. Nimemwomba mama azilete.

Niongeze kidogo kuhusu kwa nini naona vyombo hivi vinatuhusu na si anasa ya kutazama. Mwaka 1917 huko Stockholm, kwenye ukumbi wa Liljevalchs, yalifanyika maonyesho ya nyumba ndogo za watu wa kipato cha chini: sebule, jiko, vyombo. Gustavsberg walimpa mchoraji Wilhelm Kåge kazi ya kutengeneza vyombo vya wafanyakazi, akachora Liljeblå, maua ya buluu yaliyotulia, bei nafuu. Miaka miwili baadaye ikazuka kauli mbiu, vitu vizuri zaidi vya kila siku. Walikusudia fundi wa kiwandani anywe kwenye kikombe kilichofikiriwa kwa makini kama cha tajiri. Walionunua kwa wingi mwanzoni wakawa watu wa tabaka la kati, wafanyakazi wenyewe walitaka vyenye dhahabu. Naelewa kabisa. Mama yangu pia ana seti yenye dhahabu iliyofungiwa kabatini tangu harusi yake, inasubiri mgeni. Nina miaka thelathini na tisa na sijawahi kuinywea. Kikombe cha mitumba cha krona ishirini nimekinywea kila siku.

---

MkaziWaOdense

Bi mkubwa akija mwambie ukweli huo kwa upole.

Na vitafunio? Meza ya huku bila aina saba inakamilika?

---

BintiPangani (mleta uzi)

Aina saba ni desturi ya kahawa ya kina mama wa zamani: biskuti chini ya saba unaonekana mchoyo, ukizidisha unaonekana unajigamba. Nitafanya nne. Hallongrottor, vibiskuti vyenye shimo la jamu ya rasiberi. Drömmar, vile vinavyoyeyuka mdomoni. Keki ya stroberi na krimu, maana stroberi za Juni za hapa ni tamu mno kuziacha. Na maandazi ya iliki, kardemummabullar. Waswidi wanaipenda iliki karibu kama sisi. Wanaitwanga ikiwa na chembe nene, ndani ya unga na juu. Mara ya kwanza kupita mbele ya duka la mikate hapa nilisimama barabarani nikidhani kuna mtu anakaanga mahamri.

---

BintiPangani (mleta uzi)

Mrejesho, wana jamvi. Jana ndiyo ilikuwa.

Tulipanga saa tisa alasiri. Saa nane na nusu ikaanza mvua, ile nyembamba ya Göteborg inayokuja kutoka ubavuni. Tukahamishia kila kitu ndani ya kibanda, kwenye meza ya kukunja ya upana wa mikono miwili. Keki ikakaa dirishani. Kitani kikawa kikubwa mno, nikakikunja mara mbili. Chupa ya chai niliyoazima kwa rafiki ikakaa chini karibu na mguu wangu. Kawa moja juu ya maandazi, ya zambarau na kijani, na mezani hapakuwa na rangi nyingine ila buluu ya vikombe viwili vya Ostindia, kimoja cha mama na kimoja cha jirani yangu. Sisi wengine tulinywea vikombe vyeupe.

Mama alipokea kikombe, hakunywa. Alikizungusha, akakiinua juu ya kichwa chake kutazama kitako ingawa kilikuwa na chai, nikakishika kisimwagike. Akasema, "Hiki kilikuwa kwa nyanya yako, mama yake baba yako, ukutani." Nikamweleza habari ya meli. Jirani yangu akauliza tunasema nini, nikamtafsiria, na yeye akaeleza kwamba baba yake alikuwa akimpeleka ufukweni akiwa mtoto kumwonyesha upande meli ilipozama. Wakakaa wakitazamana vile vikombe, mmoja haelewi lugha ya mwenzake.

Mvua ilikatika saa kumi na mbili. Tukatoka na viti, majani ya berså bado yanadondosha maji, na jua likatupiga usoni hadi saa tatu usiku kama bado ni alasiri. Mama aliswali maghribi saa nne na robo usiku na bado kulikuwa na mwanga wa kusomea.

Alipokuwa anakunja kawa aliniuliza ile seti ya dhahabu niiletewe kwa njia gani isivunjike. Nikamwambia isije huku, aanze kuinywea Pangani.

---

ShangaziMkomani

Machozi yamenitoka, mwanangu. Mpe salamu mamako. Na vipimo vya hayo maandazi ya iliki uviweke hapa, binti yangu wa Malmö asiniambie ameshindwa.

---

BintiPangani (mleta uzi)

Maziwa nusu lita ya vuguvugu, hamira mbichi gramu 50, siagi gramu 150 iliyoyeyushwa, sukari desilita moja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja kikubwa kilichojaa, unga wa ngano kama gramu 850. Kanda dakika kumi, acha uumuke hadi maradufu. Sukuma, paka siagi iliyochanganywa na sukari na iliki nyingine, kunja, kata vipande virefu, zungusha fundo. Acha viumuke tena nusu saa, oka kwa moto wa nyuzi 225 kwa dakika nane hadi kumi. Mama anasema iliki ya dukani imetwangwa zamani, harufu imekwenda, anunue ya maganda na atwange mwenyewe.